Bendi ya watu wawili, jina bado

Wiki ya 1

Tumeamua. Mimi gitaa, mwenzangu ngoma na sauti. Ameniomba nisimtaje jina humu mpaka tuwe na wimbo mmoja usiomtia aibu, basi ataitwa mwenzangu tu. Ukurasa wa kwanza wa daftari unasomeka hivi:

Jina la bendi: bado.
Nyimbo: hakuna.
Vyombo: gitaa moja la kuazima, nyuzi tano.

Zilitakiwa ziwe sita.

Hii si bendi yetu ya kwanza. Tulishaanzisha mbili kabla ya hii, na zote zilikufa kimyakimya, hata leo hatujui zilikufa lini. Ndiyo sababu ya shajara hii. Kama na hii itakufa, angalau tarehe ya msiba ijulikane.

Tumewekeana masharti mawili. La kwanza, kila zoezi lirekodiwe kwa simu, hata likiwa bovu kiasi gani. La pili, hakuna kununua kitu chochote mpaka tumalize wimbo mmoja. Sharti la pili lilidumu siku nne, maana gitaa la nyuzi tano ni kama ngazi iliyopungua kipago: unaipanda, lakini unajua kuna pahali mguu utakosa.

Wiki ya 2

Ngoma hatuna. Seti nzima ya dramu ni ndoto, na hata tungeipata hatuna pa kuipigia bila majirani kutununia. Mwenzangu akaleta wazo la kahoni, lile sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia na kulipiga kwa viganja katikati ya miguu yake. Asili yake ni Peru, kwa Waafrika waliokuwa watumwa huko, na jina lenyewe kwa Kihispania halina ufahari wowote: ni sanduku tu.

Tumelitengeneza wenyewe kwa siku mbili. Kimo sentimita 48, upana 30 na kina 30. Pande, juu na chini ni plaiwudi ya milimita 12. Uso wa mbele, ule unaopigwa, ni wa milimita 3. Pande tulizigundisha kwa gundi ya mbao na kuzifunga kamba usiku kucha. Uso wa mbele hatukuugundisha, tuliufunga kwa skrubu ili tuweze kuulegeza.

Asubuhi mwenzangu akakaa, akapiga. Likalia kama mtu anabisha hodi.

Tukalegeza skrubu, tukakaza, tukapiga msasa kingo, tukalaumu plaiwudi. Karibu saa nzima. Halafu nikaligeuza sanduku na kugundua kwamba hatukutoboa tundu la nyuma. Hewa ilikuwa imefungiwa ndani, ukiupiga uso haina pa kupitia, kwa hiyo uso wenyewe hautikisiki vya kutosha. Tukatoboa tundu la kipenyo cha sentimita 11 hivi, kwa msumeno mwembamba na matusi. Pigo la kwanza baada ya hapo lilitoka chini kabisa, zito, mpaka mwenzangu akasimama kulitazama sanduku kana kwamba kuna mtu ndani.

Sasa lina sauti mbili. Ukipiga katikati, bum. Ukipiga ukingo wa juu kwa ncha za vidole, tah, hasa baada ya kulegeza skrubu mbili za pembeni juu. Ile tah bado kavu mno. Inakosa mchakacho.

Wiki ya 3

Nyuzi mpya. Kuanzia ule mnene kwenda ule mwembamba: E, A, D, G, B, E. Nilifika kwenye wa mwisho nikiwa na kiburi cha mtu aliyemaliza kazi, nikaendelea kukaza huku namwangalia mwenzangu badala ya kuangalia programu ya kutyunia kwenye simu, nikaipita E yangu. Uzi ukakatika, ukanichapa mkononi.

Mwenzangu hakunipa pole. Aliokota vipande, akafungua uso wa sanduku lake, akavipachika kwa ndani vikiugusa ubao kwa juu, kisha akakaza skrubu. Ile tah ikapata mchakacho wake. Tokea siku hiyo nashuku kwamba ananiombea nyuzi zikatike.

Mazoezi: dakika 40. Kodi nilizo nazo mkononi: C, Am, G, na F ya kubahatisha. (Kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, si ile inayodaiwa kila mwisho wa mwezi.) Nimeona mwenzangu ana mikono ya haraka, tunaanza vizuri, kisha wimbo unatukimbia. Nitamwambia.

Wiki ya 4

Tuliazimwa kinanda kidogo cha betri kwa siku mbili. Furaha ilidumu hadi noti ya kwanza. Mimi peke yangu nilikuwa sawa, kinanda peke yake kilikuwa sawa, tukilia pamoja ni kama watu wawili wanaosimulia kisa kimoja huku kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Si kukosana kwa wazi kiasi cha noti nzima, ni kule kukosana kunakokera zaidi, kwa robo au theluthi.

Nikatyuni upya, mara tatu. Programu ikaniambia kila uzi uko sawa.

Kosa lilikuwa kwenye programu. Nilikuwa nimegusa mahali fulani bila kujua, kipimo chake cha A kikahama kutoka 440 kwenda 432. A ya 440, yaani mitikisiko 440 kwa sekunde, ndiyo iliyokubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa London mwaka 1939 na kuingia kwenye kanuni za ISO, shirika la kimataifa la viwango, mwaka 1955. Vinanda vingi vinatoka kiwandani nayo. Gitaa langu zima lilikuwa chini kwa karibu theluthi ya nusu-sauti, ile hatua ya freti moja hadi inayofuata. Ukipiga na sanduku tu hakuna anayejua. Akiingia chombo cha tatu, siri inafichuka.

Kinanda kimerudi kwa mwenyewe. Somo limebaki, na sasa kila nikianza natazama ile namba kwanza.

Wiki ya 5

Wimbo wetu wa kwanza una maneno. Mwenzangu ni mtu wa mashairi. Aliandika beti tatu akihesabu mizani kwa vidole mezani, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari), nane utao (nusu ya pili). Nami nikafurahi, nikajua kazi imekwisha, maana kipimo cha mapigo manne ukikigawa nusu nusu kinakuwa na nafasi nane: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na. Mizani nane, nafasi nane. Kama kiatu na mguu.

Kumbe mguu unaweza kuingia kiatuni na bado ukachechemea. Mstari wa kwanza unaanza “Barabara ya nyumbani”. Hesabu: ba-ra-ba-ra-ya-nyu-mba-ni, nane kamili. Mimi katika melodi yangu niliona inapendeza sauti ikichelewa kidogo, iingie kwenye “na” ya kwanza badala ya “moja”. Tukaimba hivyo wiki nzima. Siku moja mdogo wake mwenzangu akapita, akasikiliza, akauliza: “Barabara nini? Ni sawasawa ya nyumbani?”

Tukacheka, halafu tukaacha kucheka. Alikuwa amesikia sawa. Ukiingia kwa kuchelewa nusu pigo, silabi inayoangukia kwenye “mbili” ni ya pili, na sikio linasikia barábara, yaani sawasawa, vilivyo. Njia inayopita magari mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu: barabára. Neno lilelile kwa maandishi, na mimi na gitaa langu tulikuwa tumelibadilisha maana kwa kuchelewa nusu pigo.

Dawa ilikuwa kuanza mapema badala ya kuchelewa. Silabi mbili za mwanzo, ba-ra, sasa zinaimbwa kwenye “nne-na” ya kipimo kinachotangulia, na ile BA yenye mkazo inatua kwenye “moja”. Ukifanya hivyo, MBA ya nyumbani inatua yenyewe kwenye “tatu”. Mapigo mawili mazito ya kipimo, mikazo miwili ya mstari. Mwenzangu alipoimba hivyo mara ya kwanza hatukusemeshana, aliendelea tu na mstari wa pili.

Tangu hapo tunasoma kila mstari kwa sauti ya kawaida kabla ya kuuimba, tukigonga meza pale mkazo unapoanguka. Mstari mmoja wa ubeti wa tatu umekataa kabisa. Mimi nasema tuufute, yeye anasema ndio mzuri kuliko yote. Haujafutwa.

Tatizo jingine la mizani nane ndani ya nafasi nane: hakuna pa kuvuta pumzi. Sasa kila nusu ya mstari inakaa kwenye vipimo viwili, na ile nafasi inayobaki sanduku linajibu.

Wiki ya 6

Hatukukutana. Yeye mitihani, mimi homa.

Wiki ya 7

Tumegombana.

Nilikuwa nimezisikiliza rekodi zetu zote za wimbo ule, mfululizo, na zote zina ugonjwa mmoja: tunaanza kwa mwendo wa matembezi na kumaliza kwa mwendo wa kufukuzwa. Nikaamua kupima. Unahesabu mapigo kwa sekunde 30, unazidisha kwa 2. Ubeti wa kwanza, mapigo 48, yaani 96 kwa dakika. Kiitikio cha mwisho, 56, yaani 112.

Nikamwambia, “Ndugu yangu, unakimbia.”

Akaniuliza kama nina hakika ni yeye. Nikamjibu kwa dharau, naikumbuka na sijivunii, kwamba anayeshika mapigo katika bendi hii ni nani, mimi? Hakubishana. Alisema tu, “Basi tupime mmoja mmoja.” Tukawekeana utaratibu: unasikiliza metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, kwa mapigo manane, unaizima, unapiga wimbo mzima peke yako, mwenzako anarekodi.

Akaanza yeye. Alianza 96, akamaliza 94. Hakukimbia, alichelewa kidogo.

Nikafuata mimi. Nilianza 96, nikamaliza 116.

Nikaomba kurudia. Nikapata 114.

Kwa hiyo wiki zote hizo yeye alikuwa ananivuta nyuma huku mimi namburuta mbele, na ile 112 ilikuwa ni pale tulipokutana. Nilikaa kimya muda. Yeye naye, kwa wema wake, akaanza kukaza skrubu za sanduku ambazo hazikuwa zimelegea.

Baadaye tuliisikiliza rekodi yangu polepole kutafuta ni wapi hasa. Si kila mahali. Ni kwenye F. Ile kodi inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita, na kwa kuwa naiogopa naiacha kodi iliyotangulia kabla ya wakati wake ili nijiandae, halafu natua kwenye F mapema, na kutoka hapo wimbo mzima unaanza kuhesabu upya kutoka kwenye kosa langu. Kila F inaiba kidogo. Wimbo una F 24.

Wiki ya 8

Metronomu haina huruma wala haina hila. Johann Maelzel, fundi wa Kijerumani, alikipatia hataza kifaa hicho mwaka 1815, na tangu hapo hadi kwenye simu yangu kazi yake ni ileile: kumwambia mtu jambo ambalo rafiki yake angelisema kwa kuogopa.

Zoezi langu: C kwenda F, F kwenda C, hakuna kingine, kwa mapigo 60. Ruhusa ya kuondoa vidole kwenye C haipo mpaka nusu ya mwisho ya pigo la nne. Mwanzoni F ilitoka imekufa, nyuzi mbili zinalia, nne zinakohoa. Haidhuru. Nikitua kwa wakati mara kumi, naongeza 4. Siku ya tano nilikuwa 76.

Kisha likatokea jambo ambalo lingetokea wiki ya 5 kama tungekuwa watu wa kuulizana. Mwenzangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba kiitikio kinamuumiza koo. Katika C melodi inapanda hadi G, na G hiyo anaifikia kwa kuinyanyua kidevu. Kwa nini hukusema? Eti aliona mimi nimeshazizoea kodi za C.

Tukajaribu kushusha. Nusu-sauti moja, bado. Mbili, afadhali. Tatu, kidevu kikashuka. Wimbo sasa uko kwenye A na kilele chake ni E. Nami, badala ya kujifunza kodi za A, nabana nyuzi kwenye freti ya pili na kupiga maumbo ya G: palipokuwa C napiga G, palipokuwa Am napiga Em, palipokuwa G napiga D, na palipokuwa F napiga C, kodi ya kwanza niliyowahi kujifunza maishani. Koo lake lilikuwa linauma na kidole changu kilikuwa kinakimbia, na dawa ya wote wawili ilikuwa moja.

Kapo, kile kibanio cha nyuzi, hatuna. Tumelaza penseli juu ya nyuzi na kuifunga kwa mpira. Inashika.

F sijaiacha, naendelea nayo nyumbani. Inanidai.

Wiki ya 9

Wimbo wa pili umekwisha kwa siku tatu, sijui tulipata wapi kasi hiyo. Wa tatu una kiitikio tu.

Mbinu mpya ya metronomu: tunaiweka kwenye 48 badala ya 96, na kuzihesabu zile kengele zake kuwa pigo la pili na la nne. Pigo la kwanza na la tatu tunajibebea wenyewe. Jaribu kabla ya kucheka. Dakika ya kwanza unajiona mjinga, kwa sababu ukiyumba kidogo kengele inageuka kuwa “moja” na “tatu” na huwezi kujua ilibadilika saa ngapi.

Wiki ya 10

Tumepiga mbele ya watu. Ilikuwa hafla ndogo ya kumuaga mtu tunayefahamiana naye, watu hawafiki arobaini, nyimbo mbili.

Mshereheshaji alituomba jina la bendi. Mwenzangu, akiwa na hofu, alimpa ukurasa wa kwanza wa daftari. Tukasikia kwenye spika: “Na sasa, tuwakaribishe kwa makofi, Bado!” Watu wakapiga makofi. Wengine walidhani hatuko tayari.

Maiki ilikuwa moja. Mimi, mtaalamu, nikaisogeza mbele ili watu waone nyuso zetu, nikaielekeza moja kwa moja kwenye spika. Ikalia mluzi wa kutoboa meno: sauti ya spika inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka kwenye spika, inaingia tena, mzunguko usio na mwisho. Nikaikamata kichwani kwa kiganja niinyamazishe. Ikazidi. Kijana aliyekuwa anashughulikia mitambo akaja mbio, akaniondoa mkono kwa upole, akanieleza kwamba zile tundu zilizo nyuma ya kichwa cha maiki ndizo zinazoisaidia kutosikia ya nyuma, na mimi nilikuwa nimeziziba. Akaturudisha nyuma ya mstari wa spika, akamwambia mwenzangu asogeze mdomo. Ukipunguza umbali kwa nusu, maiki inapata kiasi cha desibeli 6 zaidi za sauti yako, na yeye anaweza kushusha mtambo kwa kiasi hichohicho.

Stendi ilikuwa ndefu kuliko mtu aliyekaa juu ya sanduku. Tukaliweka sanduku juu ya meza na mwenzangu juu ya sanduku, kama mfalme wa kijiji kidogo. Meza ikawa inaitikia kila bum. Haijawahi kuwa nzito vile. Nimemwambia safari nyingine tuje na meza.

Ubeti wa tatu, ule wenye mstari uliokataa, aliusahau wote. Akaimba wa kwanza tena. Hakuna aliyegundua, na mimi sikusema chochote kuhusu kufuta.

Nilirekodi, sharti ni sharti. Tulianza 96, tukamaliza 104. Hofu ina metronomu yake.

Wiki ya 11

Kusikiliza tu, hakuna kupiga. Kwenye rekodi ya hafla kuna sehemu, kiitikio cha pili, ambapo nimeacha kupiga kwa vipimo viwili kwa sababu penseli ilihama. Ni sauti yake na sanduku pekee. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Nimependekeza tuibakize hivyo makusudi. Amekubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Wiki ya 12

Wimbo wa kwanza, zoezi la leo, rekodi ya tatu: mwanzo 96, mwisho 98. Nimepima mara mbili, na yeye akapima mara moja bila kuniambia.

Wimbo wa tatu bado hauna ubeti wa pili. Kuna mtu anayepiga besi ameuliza kama tunahitaji mtu. Tumemwambia aje asikilize kwanza. Kuhusu jina, mwenzangu anataka lile la mshereheshaji, mimi naona litatuletea taabu kila tutakapoulizwa kama tuko tayari.

Uzi wa B umekatika dakika ya mwisho ya mazoezi. Kabla sijauinamia alikuwa ameshatoa bisibisi.

Jina la bendi: bado.
Nyimbo: 2 na nusu.
Vyombo: gitaa 1, nyuzi 5. Sanduku 1, nyuzi 3.